Nchi zinasaini mikataba ya kikanda ya kupunguza maafa, mbona mipango ya maendeleo haibadiliki?

#1 Mpangaji
Salaam wana jukwaa. Kazi yangu ni kuandaa mipango ya maendeleo, na kuna jambo ambalo kwa muda mrefu nimekuwa nikilitafutia maelezo ya kuridhisha. Januari 2005 mataifa 168 yalikutana Kobe, Japani, yakapitisha Mwongozo wa Hyogo. Machi 2015 mataifa yakakutana tena Sendai na kupitisha mwongozo unaokwenda hadi 2030. Miongozo yote miwili inataka hatari za maafa zizingatiwe ndani ya mipango ya maendeleo yenyewe, na inataka nchi jirani zishirikiane, kwa kuwa mto na kimbunga havina habari na mpaka. Kanda nyingi zimeitikia kwa kuunda vyombo na kusaini itifaki. Hata hivyo, ukifungua mpango wa maendeleo wa nchi nyingi utakuta sura moja nzuri ya maafa, kisha sura za barabara, makazi na nishati zimeandikwa kana kwamba ile sura ya maafa haimo kitabuni.

Hoja yangu ni kwamba mikataba hii inajadiliwa na watu ambao hawana mamlaka ya kuitekeleza. Chukueni mfano wa Asia, ambako kamati ya ushauri ya kikanda iliyoanzishwa mwaka 2000 chini ya Kituo cha Asia cha Kujiandaa na Maafa, Bangkok, iliwakutanisha wakuu wa ofisi za maafa. Ni watu wenye ujuzi mkubwa, lakini anayeamua shule ijengwe wapi na daraja liwe na upana gani ni wizara ya fedha na ya mipango, ambao hawakuwapo ukumbini. Naomba michango yenu.

#2 Ukingo
Asante kwa mada, Mpangaji. Nakubaliana nawe nusu. Ukumbi una uzito, lakini nitakupa mfano ambao wenye mamlaka walikuwamo tangu mwanzo na bado mambo yakaharibika. India na Nepal zilitiliana saini mkataba wa mto Kosi mwaka 1954, na ulikuwa mkataba wa serikali kuu kwa serikali kuu kuhusu banio na matuta. Agosti 2008 tuta lilibomoka Kusaha, upande wa Nepal. Mto ukaacha mkondo wake, ukafuata njia ya zamani, na mamilioni ya watu wakaathirika, wengi wao katika jimbo la Bihar, India. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba maji ya siku ile yalikuwa pungufu sana ya kiwango ambacho tuta lilijengwa kuhimili.

Hapo tatizo lilikuwa matengenezo. Kwa mkataba, matengenezo ni jukumu la India, ilhali tuta lenyewe liko katika ardhi ya Nepal. Mpango wa maendeleo hupenda kuhesabu kilichojengwa, wala hauna safu ya kuhesabu kilichotunzwa, na ushirikiano wa kikanda umerithi tabia hiyo hiyo.

#3 Hesabu_Kwanza
Ndugu zangu, mnazunguka mbuyu. Fuateni fedha. Katika misaada yote ya maendeleo iliyotolewa duniani kati ya 1991 na 2010, kila dola 100 zilikuwa na takriban senti 40 tu za kupunguza hatari kabla ya maafa. Fedha za uokoaji na ujenzi mpya zilikuwa nyingi mno kuliko hizo. Waziri wa fedha anayejua kwamba maafa yakitokea wahisani watakuja, na kwamba akitumia fedha zake mwenyewe kuzuia hakuna atakayemrudishia, anafanya hesabu sahihi kwa upande wake, hata kama matokeo yake ni mabaya kwa taifa. Meksiko ilikuwa na mifuko miwili, mmoja wa kukarabati baada ya maafa, FONDEN, na mwingine wa kuzuia, FOPREDEN. Ule wa pili ulipata sehemu ndogo sana ukilinganishwa na wa kwanza, ingawa serikali ilikuwa moja na hakukuwa na mhisani wa kulaumiwa.

Kwa hiyo hata ungemwingiza waziri wa fedha ukumbini, Mpangaji, angesaini na kurudi kugawa kasma kama kawaida.

#4 Itifaki
Hesabu_Kwanza kila uzi anaufikisha kwenye fedha, na safari hii amefika mahali penyewe. Ila nadhani tunasahau nguvu ya sheria. Tazameni ASEAN, jumuiya ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, iliyoua watu zaidi ya 220,000, nchi kumi zikawa na mkataba unaozibana kisheria, unaohusu kuzuia, kujiandaa na kukabili maafa, na tangu 2005 zimekuwa zikiutekeleza pamoja. Mkataba unaobana ni tofauti na tamko. Penye tamko, hakuna wa kuulizwa.

#5 Bahari_Kuu
Marekebisho kidogo kwa Itifaki. Mkataba huo, AADMER, ulisainiwa Vientiane Julai 2005, lakini ulianza kutumika tarehe 24 Desemba 2009, kwa sababu ulisubiri kuridhiwa na nchi zote kumi. Katikati ya kusubiri huko, Mei 2008, kimbunga Nargis kilipiga Myanmar na watu takriban 138,000 wakafa au kupotea. ASEAN ilifanya kazi kubwa wakati ule, ikaunda kundi la pande tatu pamoja na Umoja wa Mataifa na serikali ya Myanmar ili misaada ipite, na jambo hilo linastahili heshima. Kituo chake cha uratibu cha Jakarta kilianzishwa Novemba 2011.

Angalieni hicho kituo kinajulikana kwa kazi gani: ghala za vifaa, timu za tathmini ya haraka, uratibu wa misaada. Vipengele vya kuzuia vimo ndani ya mkataba, lakini vyombo vilivyojengwa kwanza vilikuwa vya kukabili. Nadhani ushirikiano wa kikanda una mvuto wa asili kuelekea dharura, kwa kuwa dharura haigusi mamlaka ya nchi juu ya ardhi yake. Kumpelekea jirani mahema hakumwudhi, ila jaribu kumwambia asiruhusu makazi katika bonde fulani uone kama hatakwambia unaingilia mambo ya ndani.

#6 Itifaki
Nashukuru kwa marekebisho, Bahari_Kuu. Tarehe ya kuanza kutumika ina maana kubwa na umefanya vema kuieleza. Hata hivyo, hoja yako ya mamlaka ya nchi ina jibu, nalo liko Ulaya. Baada ya mafuriko ya Elbe na Danube ya Agosti 2002, Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2007 sheria ya mafuriko inayozilazimu nchi wanachama kufanya tathmini ya awali ifikapo 2011, kuchora ramani za hatari ifikapo 2013 na kuwa na mipango ya usimamizi ifikapo 2015, kisha kuipitia upya kila baada ya miaka sita. Ndani yake kuna kifungu ninachokipenda kuliko vyote: nchi haitakiwi kuweka katika mpango wake hatua ambayo, kwa ukubwa wake, itaongeza hatari ya mafuriko kwa nchi nyingine iliyo juu au chini ya mto, isipokuwa nchi hizo ziwe zimekubaliana. Huko ndiko kuingia katika mipango ya maendeleo ya jirani kwa njia halali. Kanda nyingine zingeweza kuanza na kifungu hicho kimoja tu.

#7 Mvua_za_Juu
Kifungu ni kizuri, Itifaki, lakini sheria hiyo hiyo ilikuwapo Julai 2021 mafuriko yalipoua watu zaidi ya 200 Ujerumani na Ubelgiji, wakiwamo zaidi ya 130 katika bonde la mto Ahr pekee. Ramani za hatari zilikuwapo. Zilitegemea vipimo vya mto vilivyoanza kuchukuliwa katikati ya karne iliyopita, kwa hiyo mafuriko makubwa ya 1804 na 1910, yanayojulikana katika kumbukumbu za bonde hilo, hayakuingia katika hesabu. Nchi tajiri, sheria inayobana, muda umetimizwa, ramani imechorwa, na bado mpango ulikuwa unapanga kwa mto mdogo kuliko mto wenyewe.

Ndiyo maana maelezo yangu yanaanzia kwenye takwimu. Mpango hauwezi kuzingatia hatari ambayo haijapimwa.

#8 Mhandisi_Kalavati
Naomba niongeze jambo la uzoefu, kwa kuwa Mvua_za_Juu amegusa kidonda. Niliwahi kuwa katika timu ya usanifu wa barabara iliyounganisha nchi mbili. Ilikuwa barabara moja, mfadhili mmoja na mkandarasi mmoja, lakini viwango vilikuwa viwili. Upande mmoja makalavati yalisanifiwa kwa mafuriko yanayotarajiwa mara moja katika miaka 25, upande wa pili kwa miaka 50. Mto uliovuka barabara ulianzia kwa jirani, na takwimu za mvua za huko tuliambiwa ziombwe kwa barua kupitia ngazi za juu. Barua ilikwenda, majibu hayakuja kabla ya upembuzi yakinifu kufungwa, basi tukasanifu kwa kutumia vituo vya upande wetu tu. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ofisi yenye takwimu haikuwa na amri ya kuzitoa, na ofisi yenye mradi haikuwa na sababu ya kusubiri.

Nchi zote mbili zilikuwa zimesaini itifaki ya kubadilishana taarifa za maafa. Itifaki hiyo ilihusu tahadhari, yaani mafuriko yanapokuja. Haikutaja popote takwimu za kusanifia miundombinu.

#9 Mpangaji
Mhandisi, mchango wako umenifungua macho. Tofauti kati ya takwimu za tahadhari na takwimu za usanifu sikuwahi kuiona ikiandikwa katika itifaki yoyote niliyosoma, na naona inaeleza mengi. Inaeleza kwa nini mifumo ya tahadhari imeendelea haraka, kama ule wa tsunami wa Bahari ya Hindi ulioanzishwa 2005 chini ya UNESCO, wakati viwango vya ujenzi vya pamoja vimebaki nyuma.

#10 Bima_ya_Ukame
Salaam. Nadhani mnapuuza njia ambayo imewaleta mawaziri wa fedha mezani bila kuwaburuza, nayo ni bima ya pamoja. Mwaka 2004 kimbunga Ivan kiliisababishia Grenada hasara inayokadiriwa kuwa mara mbili ya pato lake la mwaka. Nchi za Karibi zikaelewa kwamba kila kisiwa peke yake hakiwezi kununua bima kwa bei inayovumilika, na mwaka 2007 ukaanzishwa mfuko wa CCRIF, wa kwanza duniani wa nchi nyingi kuchangia hatari pamoja. Baada ya tetemeko la Januari 2010, Haiti ililipwa takriban dola milioni 8 ndani ya wiki chache. Afrika nayo ikaanzisha ARC, chombo chake cha bima ya pamoja, mwaka 2012. Ili uingie, lazima uhesabu hatari yako kwa fedha, na hesabu hiyo inafanyika wizara ya fedha. Huo ndio ukumbi ambao Mpangaji anaulilia.

#11 Shamba_la_Mahindi
Bima_ya_Ukame, ungemalizia hadithi ya ARC. Malawi ilikuwa na bima hiyo msimu wa 2015/16. Ukame ulikuwa mkali, serikali ikatangaza hali ya maafa Aprili 2016, lakini modeli, yaani hesabu ya kompyuta inayoamua malipo, ikasema hakuna malipo. Ilipochunguzwa, ikaonekana modeli ilidhani wakulima wanapanda mahindi ya muda mrefu, ilhali wengi walikuwa wamehamia mbegu za muda mfupi. Modeli ikarekebishwa na dola milioni 8.1 zikalipwa, lakini njaa ilikuwa imeshaingia majumbani. Sitaki tuitupe bima, kwa sababu kosa lilikubaliwa hadharani na likasahihishwa. Nataka tukumbuke kwamba ofisi ya kilimo ya ngazi ya chini kabisa ingeweza kusema mkulima anapanda mbegu gani. Ushirikiano ulipanda juu kwenye kanda kabla ya kushuka chini kwa mkulima.

Tena bima inalipa hasara, haihamishi nyumba kutoka bondeni.

#12 Bima_ya_Ukame
Nakubali kuhusu mbegu. Kuhusu nyumba, sikubali moja kwa moja. Serikali inayolipa ada kila mwaka inaiona hatari kwenye kitabu cha bajeti, na kuiona ni mwanzo wa kuipunguza.

#13 Kura_na_Mafuriko
Mimi nasema siasa. Kuna utafiti wa Andrew Healy na Neil Malhotra wa mwaka 2009, uliochunguza chaguzi za Marekani, ukaonyesha kwamba wapiga kura huwazawadia viongozi kwa matumizi ya misaada baada ya maafa lakini si kwa matumizi ya kujiandaa, ingawa walikadiria kwamba dola moja ya kujiandaa iliokoa takriban dola 15 za hasara za baadaye. Kama ni hivyo ndani ya nchi moja, fikirini kiongozi anayeombwa kutumia fedha za wapiga kura wake kutunza chanzo cha mto ambao mafuriko yake yatampata mpiga kura wa nchi nyingine. Nani atampigia kura kwa hilo?

#14 Mikoko
Mbona michango imejaa kushindwa? Bangladesh imefanikiwa. Kimbunga cha 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000, cha 1991 takriban 138,000, na Sidr ya 2007 takriban 3,400. Kilichobadilika si uokoaji peke yake. Majengo mengi ya kukimbilia yamejengwa yawe shule siku za kawaida, kwa hiyo fedha za elimu na fedha za kujikinga na vimbunga zimekutana katika jengo moja. Upande wa kanda, nchi za Ghuba ya Bengali zimekuwa na jopo la pamoja la vimbunga tangu 1972, na utabiri wa New Delhi unatumika na majirani hata siasa zao zinapokuwa chungu. Kwa mtazamo wangu, siri ni kuiweka hatari ndani ya kitu ambacho watu tayari wanakitaka. Kila mzazi anataka shule, na paa la shule linaweza kuokoa kijiji.

#15 Mvua_za_Juu
Mikoko, mfano wako naupenda, ila ulinganifu wa vimbunga hivyo uwe wa makini. Sidr haikufika wakati wa maji kujaa kabisa, na sehemu ya nguvu zake ilipokewa na msitu wa mikoko wa Sundarbans, kwa hiyo tofauti yote ya vifo haiwezi kuhesabiwa kwa mipango pekee. Nashangaa wewe mwenye jina hilo ndiye uliyeisahau mikoko.

#16 Mikoko
Haki yako kabisa, na imenipa hoja ya ziada. Sundarbans ni msitu mmoja wa nchi mbili, India na Bangladesh. Kuutunza ni kupunguza hatari, lakini katika vitabu vya mipango unahesabiwa chini ya misitu na utalii.

#17 Mteremko
Naomba kuleta Amerika, kwa sababu huko hoja ya Mpangaji imejaribiwa. Amerika ya Kati iliunda chombo chake cha uratibu, CEPREDENAC, mwaka 1988. Miaka kumi baadaye kimbunga Mitch kiliua watu zaidi ya 11,000, wengi wao Honduras na Nikaragua. Mei 1999, katika mkutano wa Stockholm, nchi hizo na wafadhili walikubaliana kwamba ujenzi mpya uwe wa kupunguza udhaifu na usiurudishe ulivyokuwa, na mwaka 2010 marais wakapitisha sera ya pamoja ya usimamizi wa hatari. Kanda ya Andes nayo iliunda kamati yake, CAPRADE, mwaka 2002, na hapo ndipo penye somo: Peru iliingiza uchambuzi wa hatari katika mfumo wake wa uwekezaji wa umma, chini ya wizara ya uchumi na fedha yenyewe, ikabadilishana uzoefu huo na majirani zake. Wizara ya fedha ilikuwamo ukumbini, Mpangaji, tena ndiyo iliyoshika ufunguo.

Mwanzoni mwa 2017 mafuriko yakapiga pwani ya kaskazini ya Peru, nyumba na madaraja yakaenda. Kichujio cha uwekezaji wa umma kinapima miradi mipya ya serikali. Hakigusi daraja lililojengwa kabla yake, wala nyumba ambayo mtu amejijengea kwenye mkondo mkavu kwa sababu ardhi ya mahali salama imemshinda bei. Sehemu kubwa ya miji yetu inajengwa nje ya mpango wowote. Mimi naona tatizo ni ardhi, na sijawahi kuona mkataba wa kikanda unaothubutu kuitaja bei ya ardhi.

#18 Hesabu_Kwanza
Mteremko, bei ya ardhi ni fedha. Tumerudi palepale.

#19 Ukingo
Tumerudi, lakini tukiwa na mzigo zaidi. Nataka nirudi kwenye mchango namba 6, kwa sababu sijaridhika na namna tulivyoupita haraka. Mito ya Buzi na Pungwe inaanzia nyanda za juu za Zimbabwe na kuingia baharini karibu na Beira, Msumbiji. Kimbunga Idai kilipofika Machi 2019, watu zaidi ya 1,000 walikufa katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Njia yake ilikuwa imetabiriwa siku kadhaa kabla. Katika mabonde kama hayo, kanda ya kisiasa yenye nchi kumi na zaidi ni kubwa mno, na wilaya ni ndogo mno. Anayefaa kukaa mezani ni nchi mbili au tatu za bonde moja, zikiwa na mpango mmoja wa matumizi ya ardhi na maji. Kamisheni ya Mto Mekong ya 1995 ilijaribu hivyo kwa Kambodia, Laos, Thailand na Vietnam, ingawa China na Myanmar, zilizo juu ya mto, zimebaki washirika wa mazungumzo bila kuwa wanachama. Hata bonde likiwa kipimo sahihi, aliye juu hana haraka ya kuingia.

#20 Bahari_Kuu
Bonde linafaa kwa mto, Ukingo. Halifai kwa tetemeko, ukame wala tsunami. Ndiyo maana sikubali kwamba kuna ukubwa mmoja wa kanda.

#21 Fungu_la_Kata
Nimesoma uzi wote kimya. Niko katika serikali ya mitaa na nina swali moja kwa Itifaki na Mpangaji. Ufilipino, kwa sheria ya 2010, inaitaka kila serikali ya mitaa kutenga angalau asilimia 5 ya mapato yake kwa ajili ya hatari za maafa, na asilimia 30 tu ya fungu hilo ndiyo ya kukabili dharura, iliyobaki ni ya kuzuia na kujiandaa. Fungu kama hilo linaonekana na mkaguzi wa hesabu anaweza kuliuliza. Kwa nini mikataba ya kikanda inataja kamati na mikutano, na haitaji asilimia ya bajeti?

#22 Itifaki
Kwa sababu asilimia inapimika, na wajumbe hupewa maelekezo ya kuepuka kinachopimika. Hata hivyo, nina mashaka na fungu la pekee: likishakuwapo, idara ya barabara itasema hatari ni kazi ya wenye fungu, nayo itaendelea kujenga kama zamani.

#23 Mhandisi_Kalavati
Itifaki amesema kweli, nimeliona hilo likitokea. Kama kuna anayeandaa rasimu ya itifaki yoyote sasa hivi, naomba aongeze sentensi moja: takwimu za mvua na mito za miaka yote zilizopo zitolewe kwa mradi wowote unaovuka mpaka, bila malipo, ndani ya muda unaotajwa, na upembuzi yakinifu usifungwe kabla hazijapokelewa. Mhandisi wa zamu hatahitaji kibali cha waziri.

#24 Mpangaji
Sentensi hiyo naichukua, Mhandisi. Fungu_la_Kata, swali lako bado linasubiri, na jibu la Itifaki halijanitosha. Mwenye mfano wa kanda iliyowahi kuweka kiwango cha bajeti, au iliyojaribu ikakataliwa, aulete hapa pamoja na mwaka na maneno ya kifungu chenyewe.